Mstari wa Kilo Elfu Kumi na Nane

Jumapili, 7 Mei 1995

Daftari hili kanipa mwanangu Romanus, kurasa tisini na sita, jalada gumu. Kasema, "Mama, andika kila siku. Nani kaja, kafanya nini, kilo ngapi. Kichwa kinasahau, karatasi haisahau." Wenzangu hapa Mbuji watoto wao huwaletea kanga. Mimi nimeletewa daftari, kwa sababu mwanangu anajua mama yake anaandika. Nilifika darasa la nne kwa masista, na mwandiko wangu ulibandikwa ukutani. Si mimi niliyeubandika.

Mimi ni Walburga, mjane wa Wilfred. Nyumba yangu ndiyo iliyotangulia kuezekwa bati kwenye mlima huu. Mabati arobaini na nane, marehemu aliyanunua kidogo kidogo kwa hela ya kahawa, miaka tisa. Asubuhi jua likiyapiga yanalia tak, tak, na mtu aliye ng'ambo ya kijito anaona nyumba yangu kabla hajaona kanisa. Sijisifu. Ndivyo ilivyo.

Jumatatu, 8 Mei

Romanus kamaliza chuo cha biashara na hataki kuajiriwa. Anasema zamani kahawa ilinunuliwa na chama cha ushirika peke yake, wakalipa mara tatu, na mara ya tatu wengine walikufa wakiisubiri. Sasa soko ni huria, anayetaka ananunua. Kwa hiyo anataka mashine ya injini ya kumenya kahawa, tununue kahawa mbivu za mlima mzima, tumenye, tuoshe, tukaushe, tuuze safi.

Akanikalisha akanipa hesabu kama mwalimu. Tunanunua kilo mbivu shilingi mia na hamsini. Kilo sita mbivu zinatoa kilo moja kavu, tunauza elfu moja na mia mbili. Toa ya mkulima, toa dizeli, magunia na gari, inabaki shilingi thelathini kwa kila kilo mbivu iliyopita mizani. Injini na mashine ni laki tano na arobaini elfu. Gawanya kwa thelathini.

"Elfu kumi na nane," nikamwambia kabla hajamaliza kuandika.

Akacheka. "Mama, ungeenda chuo wewe."

Kilo elfu kumi na nane. Hapo hela iliyotoka na iliyoingia zinalingana, hakuna faida, hakuna hasara. Chini ya hapo tunazama, juu ya hapo tunakula. Akachukua mkaa akachora mstari kwenye ukuta wangu wa sebule niliopaka chokaa Pasaka, usawa wa kifua. Kila kilo elfu moja atachora alama kutoka chini kwenda juu. Mtu mwingine angechafua ukuta ule ningempiga.

Kwenye karatasi yake kuna mahali pameandikwa "Vibarua." Mbele yake kaweka sifuri, nzuri, ya mviringo kama yai. "Wenzetu wa mjini hapa ndipo wanapoumia," akasema. "Sisi tuna ngokela." Kweli kabisa. Hapa kwetu ukiwa na kazi kubwa unapika pombe na chakula, majirani wanakuja, kazi inakwisha. Na mimi nikiita, watu wanakuja. Mlima huu wananipenda.

Jumamosi, 13 Mei

Mzee Abdulhamid, mwenye duka na lori pale Mbinga mjini, kaja mwenyewe na mkataba. Injini na mashine anatoa yeye, kila Jumamosi lori lake litachukua kahawa kavu na kuleta hela ya kununulia nyingine. Deni lake liishe tarehe 31 Oktoba. Lisipoisha, pengo litafidiwa kwa mabati yangu, kila bati zima shilingi elfu nne na mia tano, lililopinda au kuchanika nusu yake. Yasipotosha, anahamia kwenye miche ya kahawa.

"Shikamoo, mzee," nilimsalimia.

"Marahaba, mwanangu. Nyumba hii kaezeka nani?"

"Marehemu baba yake Romanus."

"Fundi." Akainua kichwa akatazama juu, midomo inacheza. Nilidhani anamwombea marehemu. Baadaye nikajua alikuwa anahesabu.

Nilisaini kwa mkono wangu. Sikuweka dole gumba.

Alhamisi, 18 Mei

Ngokela, siku ya tatu na ya mwisho. Mfereji wa kuleta maji kutoka kijitoni umekwisha. Watu ishirini na nne kila siku. Nimewapikia ugali na usipa wa Mbamba Bay, dagaa wa ziwani, si wale wa vumbi. Kunigunda, jirani yangu, ndiye aliyeongoza wanawake kuimba. Yule mama ana miaka kama yangu lakini jembe anashika kama msichana.

Jumamosi, 27 Mei

Injini imefika. Lori halipandi huku. Watu thelathini wameibeba kwa magogo kutoka barabarani. Romanus katangulia mbele anaelekeza, kavaa shati jeupe. Nilitamani Wilfred aone.

Ijumaa, 2 Juni

Kibanda cha mashine kimekwisha. Siku mbili, watu kumi na wanane.

Ijumaa, 16 Juni

Ukungu na manyunyu siku zote nne, vidole vinakufa ganzi, lakini kahawa yangu ya bondeni imechumwa yote iliyoiva. Watu ishirini na mmoja, siku nne. Shamba langu liko chini, huiva kabla ya yote, kwa hiyo duru ya ngokela imeanzia kwangu. Mimi ndiye niliyekaa kwenye mizani, na Romanus kaniita meneja mbele ya watu wote.

"Mama Romanus," Kunigunda akanitania, ndoo kichwani, "ukikaa hapo unafanana na hakimu."

"Basi simama wima, mshtakiwa. Kilo kumi na tisa na nusu."

"Nionee huruma, fanya ishirini!"

Tulicheka mpaka Romanus akatoka kibandani kutazama.

Jumamosi, 24 Juni

Kilo 2,100.

Jumamosi, 1 Julai

Kilo 4,350. Alama nne ukutani.

Jumamosi, 15 Julai

Kilo 7,200! Alama saba. Romanus anasema kwa mwendo huu mstari tutaugusa kabla ya Septemba. Nimewaambia akina mama baada ya misa. Niliwaambia kidogo tu. Mama mmoja wa mtaa wa juu kasema, "Tumesikia, Walburga. Wiki iliyopita pia tulisikia." Wivu huo.

Jumanne, 18 Julai

Kunigunda kaja asubuhi. Hakuketi.

"Mama Romanus, Alhamisi ngokela kwangu. Kahawa imeiva yote kwa mpigo. Njooni wawili, wewe na kijana."

Nilikuwa nafungua mdomo niseme ndiyo. Romanus kanitangulia. "Shikamoo, mama. Tatizo ni mizani. Mama akitoka hapa siku moja, kilo mia nne zinatupita. Ni hasara ya elfu kumi na mbili." Akaingia ndani akatoka na madebe mawili ya pombe na kilo ya sukari. "Hii ni mchango wetu."

Kunigunda akatazama madebe, akanitazama mimi. "Nimekuja kuomba mikono."

"Si sawa tu, mama? Thamani yake ni ileile," Romanus akamwambia kwa heshima kabisa.

Kaondoka mikono mitupu. Madebe yako hapa uani, nzi wameanza. Yaani mtu unampa pombe na sukari anakunja uso! Nilisema siku nyingi, mlima huu hawapendi kuona mjane anainuka.

Ijumaa, 21 Julai

Nimesikia kwamba jana kwa Kunigunda walikwenda wanne tu.

Jumamosi, 29 Julai

Kilo 8,150. Wiki mbili, hata elfu moja hazikufika. Romanus kapiga hesabu upya, kasema ni baridi.

Jumamosi, 12 Agosti

Kilo 8,900. Lori limeondoka na magunia machache, na Mzee Abdulhamid alikuja nalo mwenyewe. Kasema anatembelea wateja. Nimempa chai akainywa nje, shingo kaitupa nyuma.

"Yale ya kona yana kutu?" akaniuliza.

"Hapana, mzee. Ni kivuli cha mti."

"Alhamdulillahi." Akamaliza chai.

Alhamisi, 31 Agosti

Kilo 9,640. Siku nzima mizani haikuguswa. Injini Romanus haiwashi, dizeli ni hela. Nimezoea kelele zake. Ikinyamaza nasikia mabati, tak, tak.

Nimetembea hadi juu ya mlima nione kahawa za watu ziko wapi. Ziko mitini. Nyingine nyeusi zimekaukia kwenye matawi, nyingine ziko chini, zinanuka kama pombe iliyochacha. Kwa Kunigunda nimeona miti imeinama kwa uzito na yeye yuko peke yake na kapu moja. Hakuniona. Au aliniona.

Njiani nikakutana na Mzee Egidi, shemeji yangu, kaka wa marehemu. Nikamwuliza kwa nini watu hawachumi. Kanijibu taratibu, kama mtu anayemwambia mgonjwa habari:

"Watachuma na nani, shemeji? Duru imekatika. Ilianzia kwako, ikafika kwa Kunigunda, ukakaa. Sasa kila mtu anasema, mimi nikienda kwa fulani nimalize nguvu zangu, halafu naye akae kama Walburga? Kila mtu anachuma chake. Anachuma debe moja kwa siku, anaona aibu kulileta kwenye mashine kubwa, anamenya kwa mkono nyumbani. Zinazobaki zinaoza."

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Ulikuwa unatuambia wewe. Kilo ngapi, kilo ngapi. Tutaingilia wapi?"

Sikumweleza Romanus. Nimemwambia ni baridi.

Jumamosi, 23 Septemba

Kilo 10,470. Romanus hanyoi ndevu. Jana nimemkuta amesimama mbele ya ukuta, kidole kwenye alama ya kumi, anapima kwa shubiri mpaka kwenye mstari. Alipokuwa mdogo alikuwa anapima hivyo urefu wake mlangoni, kila Jumapili, akinung'unika kwamba hakui.

Jumamosi, 7 Oktoba

Kilo 10,900. Ndiyo mwisho. Mitini hakuna tena cha kuchuma. Magari ya kampeni yanapita barabarani chini yanapiga muziki. Upande wa Ziwa Nyasa wingu limesimama tangu asubuhi, jeusi kwa chini.

Jumapili, 8 Oktoba

Sikwenda misa. Nimeanza daftari hili tangu ukurasa wa kwanza, nimelisoma lote kwa kidole. Nilikuwa natafuta kilo zilizopotea. Nimekuta watu.

Mfereji: ishirini na nne, siku tatu. Sabini na mbili.
Kubeba injini: thelathini.
Kibanda: kumi na wanane, siku mbili. Thelathini na sita.
Kuchuma: ishirini na mmoja, siku nne. Themanini na nne.

Siku mia mbili na ishirini na mbili. Zote nimeziandika kwa mkono wangu, na nimeandika na usipa niliowapikia, na mahali popote sikuandika nimerudisha siku hata moja. Mimi niliyezaliwa mlima huu! Mama yangu alikwenda ngokela ya watu akiwa na mimba yangu ya miezi minane, kwa sababu walimjia wakati wa mimba ya kaka yangu.

Nikamwita Romanus. Nikamwambia alete ile karatasi ya Mei. Nikaweka kidole kwenye sifuri.

"Hii ulipata wapi?"

"Mama, hatukuwalipa. Gharama ni hela inayotoka."

"Hawa wangekuwa wamekwisha kulipwa, tungekuwa huru kukaa kwenye mizani. Hawakulipwa. Kwa hiyo wanatudai siku. Na kwa sababu hatukuzitoa, hawakuchuma. Na kwa sababu hawakuchuma, mashine imelala. Kilo zako elfu saba na mia moja ziko kule juu chini ya miti, zimeoza."

Akaishika karatasi kwa mikono miwili. Midomo yake inacheza. Nikajua anahesabu, na nikaona hesabu inapomfikia, uso ukabadilika kama maziwa yaliyokatika.

"Chuoni hawakutufundisha hiyo," akasema.

"Chuoni si kosa lao. Mimi nilikuwa naijua. Nilikuwa naijua tangu nazaliwa, nikaona raha kuitwa meneja."

Hapo ndipo alipolia, mwanaume mzima. Elfu saba na mia moja mara thelathini: laki mbili na kumi na tatu elfu. Nilimsaidia kuzidisha.

Jumatatu, 9 Oktoba

Nimekwenda kwa Kunigunda alfajiri na jembe, bila kuitwa. Alikuwa anafyeka chini ya migomba.

"Meneja kaja kwa miguu?" akauliza.

"Shamba lako halina mizani, nimeona nije."

"Pombe ya kukupa sina."

"Sikuja kunywa."

Akanionyesha pa kuanzia, mbali na yeye. Tumelima mpaka adhuhuri. Nilipoaga akasema tu, "Moja." Nimeandika: moja.

Ijumaa, 27 Oktoba

Siku kumi na moja nimerudisha, kwa watu saba. Nimebeba tofali, nimelima, nimezoa kahawa zilizooza nikazifukia. Mgongo unawaka. Watu wananipa maji, hawanipi maneno. Romanus hatoki ndani, anasema aibu. Zimebaki mia mbili na kumi na moja. Usiku uliopita ngurumo, mvua haikushuka.

Jumamosi, 28 Oktoba

Dereva wa Mzee Abdulhamid kaja kutoa taarifa. Jumanne wanakuja na nyundo na mitaimbo. Watu wanne. "Watang'oa haraka, mama, hamtachelewa," kasema, kama vile ananifariji.

Nikakumbuka maandishi: lililopinda au kuchanika, nusu. Mtaimbo na watu wa haraka! Watapinda nusu ya mabati ya Wilfred, na pengo litakalobaki litahamia kwenye miche.

Jumatatu, 30 Oktoba

Watu wote jana walikuwa kwenye foleni ya uchaguzi, na nimesikia walizungumza mengi humo folenini. Leo asubuhi jua halijayapiga mabati nikasikia tak. Nikatoka. Juu ya paa yuko Mzee Egidi, kakaa kama kunguru, anang'oa msumari kwa koleo, mmoja mmoja. Uani watu kumi na tisa. Kunigunda mbele.

"Msituangushie nyumba!" Romanus akapiga kelele kutoka dirishani. Alidhani wamekuja kulipiza.

"Shuka huko kitandani ushike ngazi," Kunigunda akamjibu. "Tunaezua. Wale wa mjini watayararua."

Nikaanza kulia, nikataka kumkumbatia. Akaninyooshea kiganja.

"Sijaja kukuhurumia, Mama Romanus. Hii ni ngokela. Kalete daftari uandike."

Nikaandika, kumi na tisa. Masista wasingeubandika mwandiko huu.

Bati moja moja, linapokelewa na watu wanne kama wanapokea maiti. Hakuna aliyeimba. Wingu la ziwani limefika juu ya kanisa.

Jumanne, 31 Oktoba

Kumi na tisa tena. Wameezeka nyasi. Nyasi ni za Kunigunda, alikuwa amezikata mwezi wa saba kwa ajili ya jiko lake. Jiko lake bado lina tobo.

Mzee Abdulhamid kafika mchana na watu wake na mitaimbo yao, akakuta mabati yamepangwa uani yanamsubiri. Akayapitia moja moja, akapitisha kiganja. Arobaini na saba mazima. Moja limepinda kona, lilimteleza Romanus. Laki mbili na kumi na tatu elfu na mia saba na hamsini. Akaingiza mkono mfukoni akanirudishia chenji yangu, shilingi mia saba na hamsini.

"Hesabu imefungana, mwanangu. Hunidai, sikudai. Injini ni yenu."

"Asante, mzee."

Kabla ya kuteremka barabarani kwenye lori, akatazama juu kwa mazoea, akaona nyasi, akainamisha kichwa.

Romanus kaingia sebuleni na mkaa akakuta mstari wake. Hakuna faida, hakuna hasara. Tumeufikia. Akataka kuufuta kwa kitambaa, nikamkataza.

Jumapili, 5 Novemba

Mvua imeanza. Nyasi hazilii kama bati, mvua inaingia kimyakimya. Kona ya kitanda inavuja. Kutoka ng'ambo ya kijito nyumba yangu haionekani tena.

Nimejumlisha. Mia mbili na kumi na moja, ongeza thelathini na nane za paa. Siku mia mbili na arobaini na tisa. Kahawa itaiva Juni. Kama hatutazimaliza kabla ya hapo, duru haitaanza, na mashine italala tena. Nina miaka hamsini na sita na goti moja baya. Nimechora mstari wangu ukutani, juu ya ule wa mwanangu, karibu na dari.

Jumatatu, 6 Novemba

Kwa Kunigunda, kuezeka jiko. Mimi, siku moja. Romanus, siku moja. Kavaa lile shati jeupe kwa kuwa lingine halina, na Kunigunda kamcheka mbele ya watu wote.

Zimebaki 247.